Neno Lililobaki

Kiharusi kilimkuta Annis Hinchliffe amesimama juu ya kiti, anasugua juu ya kabati la vyombo, mahali ambapo mgeni asingepaona ila awe twiga. Ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa mtaani Alma haikuwa siku ya mzaha. Tangu chai ya asubuhi brashi zilikwaruza mawe, mazulia yalichapwa uani kama yamemtukana mtu, na wanawake waliulizana mlango kwa mlango, "Vipi, ushamaliza kufettle?"

Hilo neno fettle ni la kizamani. Waingereza wa kusini ukiwatajia wanakutazama kama umepiga chafya. Lakini katika bonde lile la viwanda vya sufu, huko Yorkshire, neno lenyewe halikuwa na mapumziko. Unafettle nyumba, unafettle baiskeli, unamfettle farasi kwa majani na mtoto kwa sabuni. Jirani hakuulizi umeamkaje, anakuuliza, "Fettle gani leo?" Nawe unajibu kwamba uko kwenye fettle njema, hata kama jino limekukosesha usingizi. Na mtu akikuzoea vibaya unamwambia, "Ngoja, nitakufettle," na hapo maana yake ni ile ile ya kwetu mtu akisema nitakushughulikia. Aliyeambiwa hivyo afadhali avae viatu.

Kwa Annis neno hilo lilikuwa mkate pia. Mumewe, Enoch, alikuwa fundi wa kufettle kiwandani, yaani kusafisha mashine za kuchambulia sufu, madude yenye mapipa yaliyovikwa meno ya waya maelfu kwa maelfu, ambayo huziba kwa mafuta na manyoya kabla hujamaliza kuyasifu. Vumbi la kazi hiyo lilimwua Enoch ana miaka arobaini na minne. Mwaka uliofuata vita vikaanza, wanaume wakaondoka, mashine zikaanza kuziba. Annis akaenda kwa msimamizi kuomba brashi za marehemu mumewe.

"Wewe?" msimamizi akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Mama, yale meno yatakula nywele zako mpaka yafike kwenye ubongo."

Annis akarudi nyumbani, akachukua mkasi wa vitambaa, akazikata nywele zake zote zikabaki fupi kama za askari mpya, akawa amesharudi kiwandani kabla ya king'ora cha mchana. "Haya," akasema. "Yatakula nini sasa?"

Akaifanya kazi ile miaka tisa. Yale meno yalikula ncha ya kidole kimoja tu cha mkono wa kushoto, naye alikifunga kitambaa akamaliza zamu. Huyo ndiye mwanamke ninayemzungumzia, ili usije ukamhurumia kabla ya wakati.

Basi alizinduka hospitalini siku ya sita. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikuwa vimelala kama vya mtu mwingine. Hilo lilimkera, halikumtisha. Lililomtisha lilikuja pale daktari alipoinama juu ya kitanda, kijana safi wa kutoka kusini, Daktari Pelham, akamuuliza jina lake nani. Annis alikuwa na jina lake kichwani, na la mumewe, na la mama yake, na la paka, yote yamepangwa sawasawa. Akafungua kinywa.

"Fettle," akasema.

"Samahani?"

Annis akavuta pumzi akajaribu tena. "Fettle."

"Huu ni mwaka gani, Bi. Hinchliffe?"

Hamsini na tatu, mjinga wewe, alisema Annis moyoni. Mdomoni likatoka lile lile. "Fettle."

Daktari akaandika kitu kwenye faili lake. Aliandika kwa upole, na upole ule ulimuuma Annis kuliko kofi. Maneno yote aliyoyatumia kwa miaka hamsini na saba, ya kusali na ya kugombana na ya kumbembeleza mtoto, ugonjwa uliyabeba kama mwizi aliyehamisha nyumba nzima akasahau ufagio. Siku ile alilia. Alilia kwa jicho moja, maana la pili nalo lilikuwa limegoma, na hilo likazidi kumkasirisha.

Wodini alikuwapo mfagizi, Ivy Brook, mzaliwa wa bonde lile lile, mwanamke mnene mwenye mdomo usiochoka. Ivy hakuwa amesoma udaktari, kwa hiyo hakuona shida yoyote.

"Fettle gani leo, mama?"

"Fettle," akajibu Annis, sauti ya chini, jicho kwenye kikombe.

"Kweli kabisa. Chai ya leo hata mbuzi angeitema."

"Fettle!" Safari hii alinyoosha mkono wa kushoto chini ya kitanda.

"Wapi? Aa, yule buibui! Jamani, mama, una macho wewe. Sista mwenyewe amepita hapa mara tatu." Ivy akaingia chini ya kitanda na ufagio wake, huku anacheka.

Ivy huyo huyo ndiye aliyemletea habari, wiki ya saba, akiwa amesimama na ndoo kama mtu anayetaka kukimbia.

"Mama, nisikufiche. Wanataka kukupeleka kilimani. Daktari anasema akili haimo tena, na mwanao yuko tayari kutia sahihi."

Kilimani palikuwa na jumba la mawe la wagonjwa wasiopona. Serikali ilikuwa imelipaka rangi na kulipa jina jipya, lakini zamani ndilo lililokuwa jumba la maskini, na watu wazima wa bondeni hawakudanganyika na rangi. Mama yake Enoch alifia humo. Annis hakumjua mtu hata mmoja aliyepanda kilima kile akashuka kwa miguu yake.

"Na kuna lingine," Ivy akaendelea, kwa kuwa habari mbaya haipendi kwenda peke yake. "Dada yangu alipita Alma. Anasema kizingiti chako kinang'aa. Zillah Quarmby anakisugua kila Ijumaa."

Hapo Annis akakaa wima kitandani bila kushikwa na mtu, jambo ambalo manesi walikuwa wamelihangaikia wiki nzima.

Mtaani Alma kila mlango una kizingiti cha jiwe pana, na kila Ijumaa mwenye nyumba hukiosha, kisha hukipaka ukingoni kwa kipande cha jiwe laini la rangi ya krimu, mstari ulionyooka kama rula. Kizingiti cha mtu ni uso wake. Mwingine hakigusi, ila kwa sababu moja: mwenyewe amekwisha. Ama yuko ndani ya jeneza sebuleni, ama amepelekwa asikorudi, na jirani anamstahi kwa mara ya mwisho. Sasa anayefanya hivyo ni nani? Zillah! Zillah wa mlango wa pili, ambaye hawakuwa wamesemezana kwa miaka kumi na mmoja, tangu siku mstari wake wa krimu ulipovuka ufa wa mpakani ukaingia kwenye jiwe la Annis upana wa vidole vitatu. Siku ile yalisemwa mambo hadi ya mama zao. Tangu hapo walipokutana kanisani kila mmoja alisoma kitabu cha nyimbo kama anakiona kwa mara ya kwanza.

"Fettle," Annis akasema polepole, anamtazama Ivy.

"Usinitazame mimi hivyo," Ivy akasema, akarudi nyuma hatua moja. "Mimi ni mjumbe tu."

Toka siku hiyo kitanda kilikuwa adui. Kila manesi walipogeuka, Annis alishusha mguu mzima, akauvuta ule wa pili kama anavuta gunia la sufu, akasimama. Alianguka mara nne. Mara ya tano hakuanguka. Alijifunza kuvaa kwa mkono mmoja, kukoroga chai, kufunga kitambaa cha kichwa kwa meno. Clifford, mwanawe, karani wa bima, kijana mpole mwenye kola safi, alikuja Jumapili akamkuta mama yake amesimama dirishani na mkongojo. Akafurahi, kisha akaingiwa na hofu zaidi.

"Mama, sikuchoki," akasema, macho yamejaa machozi. "Lakini mimi nashinda kazini. Nitakuja jioni moja nikukute umelala chini ya ngazi tangu asubuhi? Siwezi. Naogopa."

Annis alitaka kumwambia, mwanangu, mimi naogopa kile kilima kuliko ngazi. Akamshika kola, akampangusa unyoya begani. "Fettle," akasema, kwa sauti aliyokuwa akimwambia nayo alipokuwa na miaka mitano na homa. Clifford akainamisha kichwa.

Mwisho walikubaliana na daktari: wiki moja nyumbani, majaribio. Clifford angelala pale. Ijumaa saa sita mchana daktari angekuja kuona kwa macho yake kama mwanamke huyu anajimudu. Asipojimudu, Jumatatu gari lingempandisha kilimani.

Siku aliporudi, mtaa mzima ulikuwa ukichungulia nyuma ya mapazia. Annis aliteremka kwenye teksi akasimama mbele ya nyumba yake. Kizingiti kilikuwa cheupe, safi, mstari umenyooka. Zillah alikuwa mlangoni kwake, mwembamba, mikono imefichwa ndani ya aproni. Annis akaingia ndani akasikia joto la hasira likimpanda hadi kwenye mkono uliolala.

Ijumaa ikafika. Clifford kabla ya kwenda ofisini alimchana nywele, akamkalisha kwenye kiti karibu na moto, akamfunika blanketi magotini.

"Kaa hapo hapo, Mama, tafadhali. Wakija wakukute umetulia, nadhifu. Usiguse kitu. Ukitulia tu, huenda atakubali."

Masikini Clifford. Alidhani mama yake anatakiwa aonekane kama picha ukutani.

Mlango ulipofungwa tu Annis akalitupa blanketi. Ndoo aliijaza maji robo, maana nusu ingemshinda, akaisukuma sakafuni kwa mkongojo, hatua kwa hatua. Kisha akarudi kuchukua brashi. Kisha gunia la kupigia magoti. Kisha jiwe la krimu na kigoda. Safari ile ya kutoka jikoni hadi mlangoni, ambayo zamani aliimaliza kabla hujasema Enoch, ilimchukua saa nzima. Akafungua mlango, akashuka magotini ndani ya mlango, kizingiti mbele yake. Kushuka kwenyewe nusura kumuue.

Akaanza kuifuta kazi ya Zillah. Aliisugua ile krimu mpaka jiwe likabaki kijivu, kama jino lililong'olewa gamba.

Mlango wa pili ukafunguka. Zillah alitoka na ndoo yake na brashi yake, tayari, kama Ijumaa zote kumi zilizopita. Akamwona Annis yuko chini, kitambaa kichwani, jasho linamtiririka. Zillah akasimama pale pale. Hakusogea, hakuita mtu, hakusema pole. Aliweka ndoo chini akakunja mikono, akatazama.

Annis alimwona, akajifanya hajamwona. Akashika jiwe la krimu kwa mkono wa kushoto, ule wenye kidole kilicholiwa, akaanza mstari. Ukaenda kombo. Akaufuta. Jiwe likamponyoka likabingirika hadi mwisho wa kizingiti. Akalifuata kwa kuvuta kifua juu ya mawe yenye maji, gauni lote likalowa. Mara ya pili mstari ulinyooka hadi katikati, kisha mkono ukatetemeka. Mtu mwingine angesema, aa, inatosha, mimi mgonjwa. Annis akaufuta. Kulikuwa na wakati, uso wake ukiwa juu ya jiwe baridi, alipowaza kilima, akawaza vitanda vile vya chuma vimepangwa safu, na akaona kwamba kulala pale chini hivi hivi kungekuwa rahisi. Akajitukana moyoni kwa maneno ambayo hata kama ulimi ungekuwa mzima asingeyatamka kanisani. Akaloweka brashi.

Mara ya tatu mstari ukaenda. Ukaenda polepole, umenyooka, mpaka kwenye ufa wa mpakani, ukakoma hapo hapo, hata unywele haukuvuka.

Ndipo gari la daktari likasimama.

Clifford, aliyekuja naye, alishuka mbio hata mlango wa gari hakuufunga. "Mama! Nilijua! Nilisema mimi! Ameanguka!"

"Mguse uone," Zillah akasema, akamzibia njia na ndoo yake.

"Bi. Quarmby, niache, mama yangu yuko chini!"

"Yuko chini kwa sababu kizingiti kiko chini. Ulitaka akisugue kutoka darini? Hajaanguka. Anafanya kazi. Wewe ulizaliwa mtaani hapa, au ofisi imekusahaulisha?"

Daktari Pelham akafika, kofia mkononi. Alimtazama mwanamke aliyepiga magoti mlangoni, amelowa, nusu ya uso imelegea. Hakuwa mtu mbaya, na hakusema la kejeli. Aliuliza swali ambalo Annis mwenyewe alikuwa akilikwepa tangu asubuhi.

"Anaweza kuinuka?"

Annis akavuta kigoda. Akakikandamiza kwa mkono wa kushoto, akakaza mguu mzima, akajisukuma. Kigoda kikateleza, akarudi chini kwa kishindo. Clifford alitoa sauti, na Zillah akamshika mkono wa koti. Mara ya pili alifika nusu, akaning'inia, akarudi chini. Pumzi zilimtoka kwa nguvu, watu wa ng'ambo ya barabara wakazisikia.

"Inatosha, mama," daktari akasema kwa upole.

Upole ule tena! Annis akauma midomo, akakiacha kigoda, akashika mwimo wa mlango mahali ambapo Enoch alizoea kuegemea akivuta kiko, akajivuta. Goti likatoka kwenye gunia. Mguu uliolala ukafuata, unaburuzika, lakini ukafuata. Akasimama. Alisimama wima mlangoni kwake, mkongojo kwapani, rangi ya krimu mpaka kwenye nyusi.

Daktari aliachia tabasamu, na kwa furaha ya kweli akapiga hatua kumshika mkono. Kiatu chake cheusi kikainuka juu ya kizingiti kibichi.

"FETTLE!"

Mkongojo ulimsimamisha kifuani. Njiwa waliruka paani. Daktari akabaki na mguu mmoja hewani, akainamisha macho, akauona mstari, akaona maji yaliyomwagika, jiwe, brashi, mkono uliochubuka. Kisha akarudisha kiatu chini, akavuta suruali magotini, akakivuka kizingiti kwa hatua ndefu bila kukigusa, kama mvulana anayeruka mfereji.

"Niwie radhi, Bi. Hinchliffe," akasema. "Sikuona."

Ndani, alilitoa lile faili, akaliweka juu ya meza safi, akakata mstari juu ya alichokiandika siku ile ya kwanza hospitalini. Hakuuliza ni mwaka gani. Alimwambia Clifford, "Huyu abaki hapa. Mimi simpeleki popote." Clifford akakaa kwenye kiti cha mama yake, akajifunika uso kwa lile blanketi, mabega yakatikisika.

Kutoka nje, mlango ukiwa wazi, sauti ya Zillah ikaingia.

"Usije ukajisifu huko hospitalini kwako, daktari! Mimi ndiye niliyemtibu. Nilijua akisikia Zillah ameshika kizingiti chake, atarudi hata kama mmeshamfunika shuka!"

Annis akageuka. Alijikokota hadi mlangoni, akamtazama yule mwanamke mwembamba kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja, machoni kabisa. Zillah alikuwa na machozi, na alikuwa akiyafuta kwa hasira, kama amepakwa na mtu. Annis aliitafuta ghadhabu yake ya zamani, ile ya vidole vitatu vya krimu, hakuiona ilikokwenda. Akashusha macho kwenye kizingiti cha Zillah. Kilikuwa kijivu, kina nyayo za matope. Saa sita ya Ijumaa, na mwenye nyumba ameshinda amekunja mikono akimtazama jirani, hajagusa hata brashi.

Annis akalichukua lile jiwe la krimu juu ya kigoda, akalirusha kupita ufa wa mpakani. Zillah akalidaka kwa aproni.

"Fettle," Annis akasema, akimwonyesha jiwe lake kwa mkongojo.

"Nakuja, nakuja," Zillah akajibu, tayari ameshapiga goti. "Hujabadilika hata kidogo, mwanamke wewe. Bado una mdomo."